Mashine ya unyevu ya Canada na ukuta wa Mabatini

*"Habari mtaalamu. Tunaishi Mwanza, Mabatini, nyumba ya kupanga iliyojengwa mlimani. Ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala umechimbiwa; nyuma yake ni udongo na mawe. Tangu masika yaliyopita unaota madoa meusi nyuma ya kabati, viatu vya mume wangu vinafunikwa na ukungu, na nguo zinanuka uvundo hata nikizifua. Tunalala wanne humo. Mtoto wa miaka 5 anakohoa usiku. Kinachonichanganya ni kwamba ikifika Juni hadi Agosti midomo inapasuka, ngozi inakauka na mtoto huyohuyo anatokwa damu puani. Mdogo wangu anasoma Canada. Anasema huko wakati wa baridi watu wanatumia mashine ya kuongeza unyevu, na kuna mtu anakuja Desemba anaweza kunibebea. Mume wangu yeye anataka tuwe tunaingiza jiko la mkaa chumbani jioni tukaushe ukuta. Mwenye nyumba anasema shida ni sisi, hatufungui madirisha. Nani yuko sahihi?"*

Dada, nianze na jiko la mkaa kwa sababu hilo halisubiri. Msiliingize chumbani, hata kwa nusu saa, hata mlango ukiwa wazi. Mkaa unaowaka ndani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni uchovu, analala, haamki. Mkaa uliokwisha kushika vizuri ndio unaodanganya watu zaidi, kwa kuwa moshi umekatika na macho hayawashi. Na hata tukiweka hatari hiyo pembeni, dawa yenyewe haitibu: uso wa ukuta unapata joto kidogo, jiko linatoka, ukuta unapoa, na maji yako palepale. Mweleze shemeji hivyo, taratibu.

Tukija kwa hao wengine: mdogo wako yuko sahihi kabisa, ila kwa nyumba anayoishi yeye. Mwenye nyumba yuko sahihi nusu, na ile nusu anayoiruka ndiyo inayogusa mfuko wake.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba baridi na unyevunyevu ni ndugu, na joto na ukavu ni ndugu. Ukweli unakwenda kinyume. Hewa ya joto ndiyo inayoweza kubeba maji mengi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 25 inabeba mpaka gramu 23 hivi za mvuke kabla haijashindwa na kuanza kutoa matone. Ipoze mpaka sifuri, inabeba chini ya gramu 5. Ipeleke nyuzijoto 10 chini ya sifuri, kama Januari ya Canada, inabaki na uwezo wa gramu 2 na kitu. Hewa hiyo ikiingia ndani inapashwa joto mpaka nyuzi 21, ambapo ingeweza kubeba gramu 18, lakini hakuna aliyeiongezea maji. Ina zile gramu 2 zake tu. Ukipiga hesabu unapata unyevu usiofika asilimia 15. Hewa yenye kiu ya namna hiyo inakunywa popote inapogusa: pua, midomo, mbao za sakafu, mpaka gitaa linapasuka ukutani. Ndiyo maana wananunua mashine. Na hata wao wanaonywa wasizidishe, maana mvuke ukiwa mwingi unageuka maji kwenye vioo baridi vya madirisha, na fremu zinaota ukungu.

Kwetu hakuna anayepasha nyumba joto. Hewa ya ndani ni ileile ya nje, jumlisha maji mnayoiongezea ninyi wenyewe. Julai ya Mwanza mchana unyevu unaweza kushuka hadi asilimia 40 hivi, na alfajiri ukapanda tena. Kwa Mwanza huo ni ukavu, tunaulalamikia. Kwa mdogo wako mwezi Januari ingekuwa neema.

Kama hesabu zimekuchosha, shuka Mwaloni pale Kirumba ukaongee na akina mama wa dagaa. Hawana kipimo chochote, lakini wanajua kwamba dagaa wa Julai wanakauka upesi, na wa Aprili wanageuzwa, wanafunikwa mvua ikija, wanafunuliwa, na bado wengine wanavunda. Jua lipo miezi yote miwili. Kinachokausha ni hewa ambayo bado ina nafasi, na upepo wa kuiondoa ile iliyokwisha kujaa. Nyuma ya kabati lako hakuna nafasi na hakuna upepo. Humo ni Aprili mwaka mzima.

Tuseme jioni chumba chako kina nyuzijoto 25 na unyevu wa asilimia 75. Ni hali ya kawaida kabisa wakati wa masika. Hewa hiyo ina gramu 17 za maji. Ukuta uliolala kwenye mlima haupati jua, basi tuupe nyuzi 22. Hewa inayougusa inapoa mpaka 22, uwezo wake unashuka kwenye gramu 19 na nusu, na zile gramu 17 sasa ni karibu asilimia 90. Ukungu hausubiri matone. Unyevu kwenye uso wa ukuta ukikaa juu ya asilimia 80 kwa siku kadhaa, unatosha kuuotesha. Kwa hiyo unaweza kupitisha kiganja ukasema "mbona pakavu", na kumbe shamba limeshapandwa.

Kuna kipimo cha bure jikoni kwako: chumvi. Chumvi huanza kunyonya maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na ile isiyosafishwa sana huanza mapema zaidi. Weka kijiko kimoja kwenye kisosi juu ya kabati la chumbani, usiku kucha. Asubuhi ikiwa imelowa na kushikana, hewa ya chumba imevuka mpaka.

Hiyo ni hewa. Bado hatujajua ukuta wenyewe unakunywa kutoka wapi, na hapa ndipo wewe na mwenye nyumba mtaachana au mtaelewana. Kuna jaribio ambalo nimelifanya kwenye nyumba nyingi za milima hii, Igogo, Isamilo, Bugando, na linagharimu karibu na bure. Kata vipande viwili vya nailoni inayoonyesha, kila kimoja sentimita 30 kwa 30. Sogeza kabati, futa ukuta kwa kitambaa kikavu, bandika kipande kimoja hapo kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasibaki upenyo. Cha pili kibandike kwenye ukuta usiogusa mlima, uwe na cha kulinganisha. Acha siku mbili. Halafu usibandue kwanza. Pitisha kidole juu. Kama maji yako upande wa chumba, yametoka hewani, ni pumzi zenu na sufuria zenu. Kama yako chini ya nailoni, kati yake na ukuta, yanatoka mlimani. Na kama gundi inakataa kushika kwa sababu plasta inamung'unyika na kuacha unga mweupe kwenye vidole, umeshapata jibu kabla ya jaribio: hiyo ni chumvi ya ardhini iliyosafiri na maji na kuachwa hapo yalipokauka.

Nikibashiri, kwako ni vyote viwili. Nyumba za mlimani Mwanza zina shida ambayo za Buhongwa au Nyakato kwenye tambarare hazina. Mvua ikipiga jiwe, jiwe halinywi. Maji yote ya mwamba mzima yanateleza, yanatafuta mahali jiwe linapokutana na udongo, yanashuka humo, na kama ukuta wako ndio umesimama kwenye njia, yanaupitia. Tofali la kuchoma na la saruji yote mawili yana vinyweleo. Yanapandisha maji kama utambi wa koroboi. Hakuna kufungua dirisha kutakakozuia hilo, na hapa mwenye nyumba ajipange.

Dawa yake ya kweli iko nje: mfereji nyuma ya nyumba, mwinamo wa kupeleka maji pembeni, bomba lenye matundu chini yake, kokoto juu, na udongo usiruhusiwe kuegemea ukuta. Maji ya bati nayo yakingwe na mfereji wa paa, yasidondoke palepale nyuma. Pale ambapo mwamba wenyewe umekuwa sehemu ya ukuta na hapachimbiki, nimeona kitu kimoja kinachofanya kazi: ukuta wa pili mwembamba kwa ndani, ukiacha nafasi kama upana wa kiganja, wenye matundu ya hewa juu na chini, na sehemu ya kutolea maji kwenye sakafu ya hiyo nafasi. Unapoteza sentimita kadhaa za chumba. Unapata chumba.

Kisichofanya kazi ni kuficha. Rangi ya mafuta, au marumaru ukutani. Mimi mwenyewe, miaka hiyo bado sijajua ninachokisema leo, nilimlipa fundi abandike marumaru kwenye ukuta wa chumba cha kupanga kilichokuwa na shida kama yako. Kilipendeza mwaka mzima. Masika ya pili yakaanza kuachia, moja moja, usiku, na tukawa tunalaumu panya. Maji yakizibiwa mbele hayarudi nyuma. Yanapanda juu au yanatokea ukuta wa jirani. Ukitaka kupaka kitu kwa sasa, paka chokaa. Inaacha ukuta upumue, ukungu hauipendi kwa ukali wake, na ni bei ya chini. Itabidi urudie kila mwaka, lakini haikudanganyi.

Upande wenu sasa, ile nusu ya mwenye nyumba. Watu wanne wakilala chumba kimoja usiku kucha wanatoa kwa pumzi na jasho zaidi ya lita moja ya maji. Gesi ya kupikia, watu wengi hawajui, kila kilo inayoungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Nguo mnazoanika chumbani siku za mvua, kila tone lililokuwa kwenye shati linahamia hewani. Nyumba za zamani zilikuwa na matundu ya hewa juu ya madirisha, yale ya tofali zilizotobolewa. Siku hizi zinajengwa na dirisha la aluminiamu la kuteleza, ambalo hata ukilifungua lote limefunguka nusu, na matundu ya zamani watu wameyaziba kwa makaratasi.

Najua kwa nini. Mbu, vibaka, na vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi juu ya maji halafu asubuhi unafagia debe zima chini ya taa. Kwa hiyo sikuambii ulale madirisha wazi. Toa makaratasi, weka wavu wa mbu kwenye matundu, na huo wavu uusugue mara kwa mara. Nimekuta nyavu zilizoziba kwa vumbi mpaka zimekuwa kama ukuta. Mchana, jua likishapanda mpaka alasiri, fungua dirisha na mlango unaolitazama, ule upepo wa ziwani upite moja kwa moja. Dirisha moja peke yake linakusaidia kidogo sana. Wakati wa kupika, funga mlango wa chumba cha kulala.

Na hilo kabati, lihamishe. Kama kuna ukuta wa katikati ya nyumba, lipeleke huko. Kama hakuna, livute mbele sentimita 10 na uliinue kwa vipande vya tofali. Katika nyumba zote nilizoitwa, hakuna kitu kingine cha bure kilicholeta mabadiliko haraka kama hiki. Utaambiwa pia uweke ndoo ya mkaa au chumvi inyonye unyevu. Ndani ya begi lililofungwa, sawa. Ndani ya chumba cha watu wanne, inakunywa kikombe huku ninyi mnamimina lita.

Kuhusu kuyaondoa madoa yaliyopo: usiyapige brashi makavu, utapeperusha mbegu zake chumba kizima. Mtoto atoke, funika pua na mdomo, vaa glovu, fungua dirisha, lowesha kwanza, osha kwa maji ya sabuni, kausha. Ukipenda kumalizia na Jik, ichanganye na maji tu. Usiichanganye kamwe na dawa kali ya kusafishia choo, siki, au kitu chenye amonia. Inatoa gesi inayounguza mapafu. Na doa likirudi baada ya wiki chache, usiongeze dawa. Maji bado yapo.

Kuna mashine za kinyume cha ile ya mdogo wako, za kuondoa unyevu, na kiyoyozi nacho hufanya kazi hiyo. Ndiyo yale maji yanayotiririka kwenye kijibomba chake nje. Zinafanya kazi kweli, kwenye chumba kilichozibwa na chenye ukuta mkavu. Kwenye chumba chako cha sasa utakuwa unamaliza umeme wa LUKU kujaribu kukausha ziwa.

Sasa Julai, maana najua unajiuliza kama sijaikwepa. Ukavu upo, sikatai, lakini kwenye nyumba za Mwanza mwezi huo mshitakiwa wangu wa kwanza ni vumbi likisaidiwa na upepo. Pua ya mtoto inakauka, inafanya ukoko, anachokonoa, inatoka damu. Nyunyiza maji uani kabla ya kufagia, futa ndani kwa kitambaa kibichi badala ya kukung'uta, kata kucha zake, na usiku mpake mafuta ya mgando kidogo kwenye mlango wa pua. Damu ikitoka, asiinamishe kichwa nyuma. Ainame mbele, umbane sehemu laini ya pua dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Ngozi na midomo ni mafuta, mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na majimaji.

Mashine ya mdogo wako katika chumba hichohicho, usiku wa Julai wenye nyuzi 17 au 18 nje, ingeyapeleka maji yake moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma. Asubuhi midomo ingekuwa laini na viatu vya shemeji vingekuwa vya kijani. Tangi lake lisipooshwa kila siku linafuga bakteria na kuwapulizia usoni. Halafu kuna jambo dogo ambalo wasafiri husahau: umeme wa Canada ni volti 120, wetu ni 230. Ungeichomeka mara moja tu.

Mimi ni mtu wa majengo, si daktari, kwa hiyo kikohozi cha mtoto nakigusa kwa mbali. Ukungu unaweza kuamsha pumu, na wadudu wadogo sana wa vumbi wanaofugwa na magodoro yenye unyevu wanaweza pia, lakini kikohozi cha usiku kina sababu nyingi na ukuta usiwe kisingizio cha kutompeleka hospitali. Kikizidi wiki mbili apimwe, na kifua kikuu kikiwemo. Akipumua kwa haraka mbavu zikiingia ndani, akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, hiyo ni safari ya Sekou Toure au Bugando usiku huohuo. Damu ya pua isiyokata baada ya kubana nusu saa, hali kadhalika.

Kwa upande wa ukuta, mambo matatu yananifanya niseme usingoje majaribio ya nailoni: ukuta ulioanza kutoa tumbo kuelekea chumbani, ufa unaopanuka kila mvua inaponyesha, na unyevu uliofika kwenye soketi au swichi. La tatu, zima umeme kwenye swichi kuu na uite fundi wa umeme. Mawili ya kwanza, hamishia vitanda chumba kingine leo, ndipo uite mhandisi. Mlima ukiamua kusukuma hautoi notisi ya mwezi mmoja.

Na yule mgeni wa Desemba asije mikono mitupu. Mwombe mdogo wako akutumie vipima unyevu viwili vidogo vya betri, havijali volti. Vikifika, vipime kwanza: kifuniko cha soda chenye chumvi iliyoloweshwa kidogo mpaka iwe kama uji mzito, kiwekwe pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa barabara, kwa saa 8 hivi. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 70, jua kinapunguza 5. Kimoja kikae katikati ya chumba, cha pili kule lilipokuwa kabati. Lakini nailoni haihitaji kusubiri Desemba. Ibandike wiki hii, piga picha pande zote mbili, na umwonyeshe mwenye nyumba ile ya upande wa chini.